Ntheo ya Hotelini

Nzilani hakuwa na neno na wakwe zake. Neno lake lilikuwa choo. Kilikuwa choo cha shimo nyuma ya migomba, na mlango wake ulikuwa gunia la mbolea lililopigiliwa misumari juu tu, huku chini linapepea. Mwanamke akiingia humo, mkono mmoja ushike gunia na mwingine ushike sketi, basi hana mkono wa tatu wa kufanyia lolote. Sasa umwambie mzee aliyetoka Mwingi na koti lake, pamoja na wafanyakazi wenza wa mwanawe kutoka Nairobi, kwamba msalani ni kule. Nzilani alikuwa halali vizuri tangu aliposikia kwamba watu wa Kyule, anayeishi na bintiye, wako tayari kuleta ntheo.

Na ntheo haikuwa jambo la kuchezea. Kwa Wakamba, msichana anaweza kukaa na mwanamume, ampikie, amzalie, mtaa mzima umwite mke wa fulani, lakini mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa kina msichana, mmoja achinjwe pale uani na pande zote mbili zile pamoja, huyo si mke wa mtu. Ni mgeni aliyekaa sana. Mutanu, binti pekee wa Nzilani, alikuwa amekaa na Kyule Nairobi mpaka wakapata mtoto wa kike, wakamwita Katunge kwa jina la marehemu mama yake Kyule, na Katunge mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema. Kila Jumapili akina mama wa kanisa pale Nunguni walimuuliza Nzilani habari za mkwewe, na kila Jumapili alijibu kwamba wako njiani.

Sasa walikuwa njiani kweli, na yeye alikuwa anatafuta pa kuwaficha wasione kwake.

"Mama Mutanu, nyumba si neno," alisema Mbaluka. Huyu alikuwa ndugu wa marehemu mume wake, ndiye angepokea mbuzi kwa niaba ya ukoo. Alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye miguu yote mizima. "Hao wanaleta mbuzi. Hawakuji kununua nyumba."

"Wewe ni mwanaume. Ukibanwa unaenda nyuma ya mti, kazi imeisha."

"Basi wakuje kwangu. Ni ukoo moja. Kwangu kuna choo ya mawe."

"Ndiyo bibi yako aambie kanisa yote ati Nzilani hana pahali pa kupokea wakwe?"

Mbaluka alimjua mke wake. Hapo ndipo simu ilipolia. Mutanu alikuwa na wazo, au tuseme lilikuwa la Kyule na Mutanu amelivalia njuga. Watu wa Mwingi watateremka, watu wa Nunguni watapanda, wote wakutane Nairobi kwenye hoteli nzuri, wale chakula cha jioni, wazee waongee, mambo yaishe. Mbuzi watatolewa kwa bahasha ya pesa kama wafanyavyo watu wengi siku hizi. Nzilani aliposikia hivyo, mabega yake yalishuka kwa furaha. Alisahau hata kuuliza mbuzi wa kuchinjwa angechinjiwa wapi.

Mbaluka hakusahau. "Na ile ya kuchinjwa?"

"Huko kuna nyama," Nzilani alimjibu. "Nairobi utakosa nyama?"

*

Wiki iliyofuata walikwenda kuchagua hoteli, Nzilani, Mutanu na Mbaluka. Mbaluka alikuwa amesema haendi, kisha akaonekana stendi kabla ya wote, amechana nywele.

Ya kwanza ilikuwa ghorofani, juu ya benki. Waliletewa kitu kidogo katikati ya sahani kubwa nyeupe ili waonje. Mbaluka alikitazama, akakigusa kwa uma, akauliza kama chakula chenyewe kinakuja baadaye. Mutanu alicheka mpaka akafunika uso. Wakashuka ngazi wakiwa bado na njaa.

Ya pili ilikuwa upande wa Mombasa Road, uwanja mkubwa wenye vibanda vya makuti na moshi wa nyama. Mwenyewe alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni, mtu mnene mchangamfu, akawaamkia kwa Kikamba kabla hata hawajasema wametoka wapi. Walipomwambia ni ntheo, alikunja uso kama fundi anayeelezwa kazi anayoijua.

"Hiyo si shida. Mkikuja na mbuzi yenu mzima, tunawachinjia hapo nyuma. Wazee wanasimama, wanaona. Ngozi wanaenda nayo wakitaka. Familia mingi sana hufanyia hapa, wale hawana nafasi nyumbani."

"Umesikia?" Mbaluka alimgeukia Nzilani. "Hapa ni kama uani."

Lakini Nzilani hakuwa anasikia. Alikuwa anaangalia kreti za bia zilizopangwa ukutani, na kibanda cha pili ambako wanaume watatu walikuwa wanakunywa saa nne asubuhi. Aliwaza mchungaji wake akiketi pale na Biblia mapajani. Aliwaza akina mama wa kanisa wakiuliza ntheo ilikuwaje, na mmoja, hakosekani mmoja, akijibu kwamba ilikuwa baa.

"Pasta hawezi kuketi hapa," alisema.

"Tutaomba wasiuze siku hiyo upande wetu," Mutanu akajaribu.

"Na ile harufu mtaiomba pia?"

Mwenye hoteli akacheka, akasema hata yeye huenda kanisa. Nzilani hakucheka. Mbaluka alisimama kidogo karibu na mahali pa kuchinjia, palipooshwa pakawa safi, sakafu ya simiti na ndoano juu. Alirudi akisema pole pole, ili Mutanu asisikie, "Mama Mutanu, fikiria tena." Nzilani alikuwa tayari anaelekea barabarani.

Ya tatu ilikuwa ya vioo. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe nyuma. Hakukuwa na pombe, na kulikuwa na muziki wa dini unaopigwa chini kwa chini. Msichana wa mapokezi aliongea na Mutanu peke yake, tena kwa Kiingereza, na macho yake yaliteremka mara moja kwenye viatu vya Nzilani vyenye udongo mwekundu wa Nunguni, kisha yakapanda na kubaki juu. Nzilani aliona. Wako watu ambao mahali pakiwadharau kidogo ndipo wanapoamini kwamba ni pazuri, na Nzilani alikuwa mmoja wao. Alirudisha miguu chini ya kiti akasema, "Hapa."

"Muulize kama tunaweza kuleta mbuzi," Mbaluka alimwambia Mutanu.

Msichana alielewa bila kutafsiriwa. Alitabasamu. "Pole, mzee, haturuhusu wanyama. Lakini tuko na mbuzi kwa menyu."

*

Siku ya chakula kila kitu kilikwenda kama Nzilani alivyoomba. Meza ilikuwa ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Watu wa Mwingi walikaa upande mmoja, wa Nunguni upande wa pili, na marafiki wa Kyule mwishoni, ambako walikuwa wanapiga picha za chakula. Mchungaji aliomba. Kyule alivaa suti ya bluu, akaenda mwenyewe kuwasalimu wazee wa kina Mutanu mmoja mmoja akiinama, kijana mwenye adabu mpaka Nzilani mwenyewe akaona haya. Mzee Musyimi, baba yake Kyule, alitoa bahasha ya mbuzi, Mbaluka akaipokea kwa mikono miwili, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka wahudumu wakageuka.

Kisha kila mtu akaagiza. Huyu kuku, yule wali wa nazi. Kilonzo, ndugu mkubwa wa Kyule, aliagiza samaki mzima akasema tangu utoto amekuwa akitamani kumla samaki mwenye macho. Watu wakacheka.

Musyimi hakuagiza. Alingoja mpaka sauti zikapungua. "Na ile mbuzi ya kuchinjwa?"

Mhudumu alileta sinia. Nyama ilikuwa imekatwa vipande vilivyolingana, imepangwa juu ya majani mabichi na kuzungushiwa vipande vya limau. Musyimi aliinama akaitazama, akatafuta kitu asikione.

"Hii ilichinjwa na nani?"

"Huja ikiwa tayari, mzee."

Vijana wa mwisho wa meza wakaangua kicheko. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Kyule alimwinamia. "Baba, kula tu. Desemba tutaenda Nunguni tuchinje ile ya kweli. Leo ni ya kujuana." Mbaluka aliangalia sahani yake. Nzilani akaona afadhali aseme neno.

"Mzee, karibu chakula. Hapa ni pasafi."

"Naona," Musyimi alisema. Alichukua kipande kimoja, akakitafuna, akajipangusa vidole kwa kitambaa. "Chakula ni kizuri, mama."

Nzilani alifurahi kweli. Kabla ya kuondoka alikwenda msalani, si kwa kubanwa, kwa kutaka kuona. Maji yalijitoa yenyewe alipoweka mikono. Aliiondoa, yakakatika. Akaiweka tena.

*

Kyule alikufa mwezi wa Oktoba. Ilikuwa homa, wakamtibu malaria, kumbe ilikuwa kwenye ubongo. Aliingia hospitali akitembea, na wiki haikuisha. Desemba ilikuwa bado mbele.

Nzilani alimkuta bintiye Mwingi, kwa kina Kyule, ameketi kwenye mkeka jikoni pamoja na wanawake waliokuwa wanachambua maharagwe. Si kwenye chumba cha wafiwa. Katunge alikuwa amelala mgongoni mwake.

"Kwa nini uko huku?"

"Nimeambiwa nisaidie."

Alikuwa ameambiwa na mengine pia, na yakatoka moja moja. Picha ya mazishi ilikuwa imeshachapishwa, na chini yake waliandikwa baba, ndugu, shangazi. Mke hakuandikwa. Chifu alikuwa anangoja neno la wazee ili aandike ni nani waliomtegemea marehemu, na kwa neno hilo ndipo zingekwenda haki zake za kazini na zile nyumba za kupangisha alizojenga karibu na stendi ya Mwingi. Mutanu ndiye aliyekuwa akibeba maji ya ujenzi wa nyumba hizo alipokuwa na mimba. Alisema hilo bila kulia, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Kodi ya chumba cha Nairobi ilikuwa ikilipwa na Kyule.

Alasiri wazee waliketi chini ya turubai. Nzilani na Mbaluka waliitwa.

"Hatuna ubaya," Kilonzo alianza. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Msichana tunamjua, mtoto tunamjua. Lakini mke ni mtu wa ntheo. Sisi tunauliza tu, ntheo ililiwa wapi?"

"Nairobi," Mbaluka alijibu. "Wewe ulikuwa. Baba yako alinipatia mbuzi kwa mkono wake."

"Bahasha. Na ile ya kuchinjwa ilichinjwa wapi? Nani aliona ikichinjwa? Mimi siku hiyo nilikula samaki."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mbaluka angeweza kutaja ile hoteli ya Mombasa Road, angeweza kusema mimi nilitaka, huyu mama alikataa. Hakusema, na Nzilani alijua ni heshima anayomfanyia, ikamchoma kuliko kama angesema.

"Kyule mwenyewe alisema hiyo ilikuwa ya kujuana," Kilonzo aliendelea. "Alisema mbele ya watu wote ya kweli ni Desemba. Au nadanganya, mama?"

"Hudanganyi."

"Sasa kwa nini hamkutuita kwenu kama watu?"

Turubai zima lilimgeukia. Nzilani alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua. Angeweza kusema ni umbali, angeweza kusema ni wazo la vijana. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto wake alikuwa jikoni anachambua maharagwe ya matanga ya mume wake.

"Sikuwa na choo," alisema.

Safari hii kicheko hakikufichwa. Ni Musyimi peke yake ambaye hakucheka. Mzee alikuwa amekonda tangu jioni ile, koti lilimning'inia.

"Mama, sisi huku wengine bado tunaenda kichakani," alisema. "Ungetuita tu."

*

Kulipokucha Nzilani alikwenda soko la mifugo. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemchangia pesa za rambirambi, amezifunga kwenye ncha ya leso. Kulikuwa na vumbi na kelele, na malori yalikuwa yanapakia kwenda Nairobi. Alizunguka mpaka akafika kwa mfanyabiashara mmoja mzee mwenye ndevu za hina. Watu walimwita Abdille, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wengi wa Mwingi.

"Za matanga, mama?"

"Za ntheo."

"Hongera. Kijana wako anaoa wapi?"

"Ni msichana."

Abdille alikuwa ameshainama kumshika mbuzi mguu. Akamwachilia. Alikuwa ameuza mbuzi wa ntheo Mwingi maisha yake yote, na hakuwahi kumwona mama wa msichana akija kuwanunua. Alimtazama usoni, kisha akatazama kando. Alimchagulia watatu, wasio na kilema, akataja bei ambayo Nzilani alijua si ya soko, akawafunga kwa kamba mpya.

Alitembea nao mpaka kwa Musyimi. Mbuzi walikuwa wabishi, mmoja alikaa chini katikati ya barabara na watu wakampigia mayowe ili kumsaidia Nzilani. Mzee alikuwa amesimama peke yake langoni. Nzilani alishukuru Mungu kwa hilo.

"Mzee, nimekuja na mbuzi."

"Naona."

"Si zangu. Ni zako. Shika kamba." Alikuwa anahema. "Uniletee. Si lazima Nunguni, najua ni mbali na una msiba. Mimi nitasimama pale ng'ambo ya barabara, pale ndiyo iwe kwetu. Mbaluka nitamwita. Uvuke tu uniletee, tuchinje moja pale, ukule na mimi nikule. Watu waone. Ni hayo tu naomba."

Musyimi alipokea kamba. Nzilani aliona vidole vyake vikiikunja. Mzee alitazama ng'ambo ya barabara, mahali palipokuwa na mti mkavu na chupa za plastiki, akapatazama kama mtu anayepima.

"Ile ya kweli ilikuwa mtoto wangu alete," alisema. "Yeye ndiye alitaka kuoa. Sasa mimi nikivuka hapo naoa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Katunge. Ana jina la bibi yako."

Huenda mzee angevuka. Nzilani alikuja kuamini hivyo mpaka mwisho wa siku zake, kwamba mguu ulikuwa umeshainuka. Lakini nyuma yake Kilonzo alikuwa anakuja kutoka uani, anafuta mikono, na vijana wawili wenye visu.

"Asante sana, mama, kwa mchango," Kilonzo alisema kwa sauti ya kusikika mbali. "Tulikuwa tumepungukiwa na nyama, wageni wameongezeka. Mungu akuongeze." Akanyoosha mkono kwenye kamba. Baba yake aliishika bado. Waliangaliana, mtoto aliyebaki na baba yake, na mzee alijua huyu ndiye atakayemzika. Akaiachilia.

Nzilani angepiga kelele aseme nini? Kwamba mbuzi hao ni wa ntheo aliyojinunulia? Vijana waliwavuta mbuzi kuelekea nyuma ya nyumba. Musyimi alibaki langoni, mkono wake bado umekunjwa, kisha akaenda kuketi ndani.

*

Mchana watu walijaa kwa ibada ya mazishi. Nzilani alimtoa bintiye jikoni, akaketi naye kwenye benchi la nyuma, mtoto mapajani mwa Mutanu. Moshi wa nyama ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba na watoto walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Mbaluka alikuwa amesimama kando ya turubai, kofia mkononi. Alikuwa ameshasikia habari za langoni.

Mwenye kipaza sauti alikuwa kijana mwenye sauti tamu, aliyezoea kazi hiyo. Alishukuru waliochangia: huyu maji, huyu turubai, wale viti. Kila aliyetajwa alisimama, akapungia watu, akapigiwa makofi.

"Na pia tunamshukuru sana mama yetu Nzilani, rafiki wa familia, ametoka mbali, Nunguni, akaleta mbuzi watatu. Mama, uko wapi? Simama tukuone."

Shingo zikageuka. Nzilani alishikilia benchi kwa mikono yote miwili. Makofi yalianza kabla hajasogea, yakazidi, kisha yakaanza kupungua kwa kumngoja. Katunge naye alikuwa anapiga makofi kwa sababu wengine wanapiga.

"Simama, mum," Mutanu alisema bila kuinua macho. "Wanakungoja."

Nzilani akasimama.